Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Kudhibiti Kamari

KUH: KIBALI CHA DROO ZA VYAMA VIDOGO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Vyama vya watazama ndege, wapiga picha na wapenda redio vina mtindo wa kuvutia wanachama: lipa ada kabla ya tarehe fulani, jina lako liingie kwenye droo ya kamera au darubini. Viongozi wengi huiona kama shukrani tu. Lakini malipo, bahati na zawadi vikikutana, hiyo ni bahati nasibu, na utaratibu wa kampuni kubwa haumfai katibu wa chama cha watu 60. Tunaomba kibali cha ukurasa mmoja, kinachojibiwa ndani ya siku 14.

Kibali hicho kidai kwanza daftari la waliolipa ada. Ugomvi huanza pale ada inapotumwa kwa simu ya mweka hazina badala ya Paybill (namba ya malipo kwa simu) ya chama, halafu jina likakosekana. Daftari lifungwe siku mbili kabla ya droo na nakala ibandikwe ukutani, jina na namba ya uanachama tu. Anayebandika namba za simu za watu anajitafutia kesi ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Vikaratasi vitoke kwenye karatasi ya aina moja, vikunjwe mara mbili, visipigwe stepla. Stepla hunasana; mkono hutoka na vinne kwa mpigo, na hapo ndipo ukumbi huanza kunong'ona. Ndoo iwe ya kuonekana ndani, na anayechota awe mgeni asiye na jina humo.

Zawadi iwe imenunuliwa kabla ya kutangazwa, risiti ionekane. Redio ya kurusha mawimbi isishindaniwe na wasio na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, maana hawataruhusiwa kuiwasha hewani.

Muhimu zaidi ni kikomo. Ada ikiwa shilingi 1,500 na kamera 30,000, wanahitajika wanachama wapya 20 ili gharama irudi tu, na aliyefuata kamera mara nyingi halipi mwaka wa pili. Zawadi isizidi ada kumi, na wanachama wa zamani wanaolipia upya waingie droo sawa na wanachama wapya. Chama kinachotaka kupita kiwango hicho kiombe leseni kamili kama wengine.

Wako,
Makatibu na waweka hazina wa vyama vya wapenda fani, Nairobi