Wanaokwenda Australia wafundishwe maneno yenye wajibu

Mheshimiwa Mhariri,

Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaokwenda kusoma Australia huondoka wakiwa wamefaulu mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Familia zinazohamishiwa huko kutoka kambi za wakimbizi za Kakuma na Nyarugusu hupitia mafunzo ya kuijua Australia yaitwayo AUSCO, yanayoendeshwa na shirika la uhamiaji la IOM, ambayo kwa watu wazima ni ya siku tano. Juu ya hayo, wote hutumiana kwenye simu orodha za "maneno ya Kiaustralia". Orodha hizo zinanisikitisha. Zimejaa "g'day", "mate" na majina ya wanyama, maneno ambayo mgeni atayaelewa mwenyewe wiki ya kwanza bila mwalimu. Yaliyoachwa ni yale yanayombebesha msikilizaji wajibu: mtu anakuambia neno moja jepesi, unaitikia, na hapo umeshaahidi kupika au kulipa bila kujua. Naomba gazeti lako liyachapishe maneno hayo kabla vyuo havijafungua muhula. Naanza nayo hapa.

Kubwa kuliko yote ni "bring a plate". Neno kwa neno ni "leta sahani", na wageni wengi wamefika mlangoni na sahani tupu, wengine na vyombo vya familia nzima, wakidhani mwenyeji amepungukiwa. Maana yake ni: njoo na chakula kilichokwisha kupikwa, kitawekwa mezani, kila mmoja aonje cha mwenzake. Utaliona kwenye mwaliko wa shule ya mtoto, wa kanisa, wa klabu ya mpira, wa kufunga mwaka kazini. Ni desturi ya zamani. Matangazo ya dansi za vijijini yaliwatoza wanaume kiingilio, wanawake yakawataka waje na sahani. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe linakuja na mwaliko wenyewe, na anayepewa anahesabiwa kuwa mwenzao. Anayelichukulia kuwa uchoyo wa mwenyeji amekosea kabisa.

Watu wetu wakishaelewa maana, hukosea kiasi. Hupika sufuria ya kulisha ukumbi mzima. Kila nyumba ikileta cha kutosha watu sita hadi wanane, chakula kitabaki. Sambusa 20 zinatosha. Chapati 6 zikikatwa robo robo ni vipande 24, navyo huisha haraka kuliko kitu kingine chochote mezani. Chagua kinacholiwa kwa mkono mtu akiwa amesimama, maana viti huwa vichache na sahani ni za karatasi. Mchuzi wa samaki mwenye miiba utarudi nao nyumbani, si kwa sababu wameudharau, ila mtu aliyesimama na glasi mkono wa pili hana pa kuuweka mwiba. Beba kijiko cha kupakulia. Andika jina lako kwenye utepe wa karatasi na uubandike chini ya bakuli, kwa kuwa vyombo huondoka na wenyewe siku ileile. Chakula kikibaki, muulize mwenyeji kama anakihitaji; usikiache kimya kimya akadhani umesahau.

Jambo la joto la chakula halina mzaha, hasa kwa wapenzi wa pilau. Wali uliopikwa ukikaa vuguvugu huzalisha vijidudu vinavyotoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Kanuni ya biashara za chakula za Australia inafaa nyumbani pia: kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi ndiko kwenye hatari. Chakula kilichokaa humo chini ya saa mbili kinaweza kuliwa au kurudishwa friji. Kikifika kati ya saa mbili na nne, kiliwe papo hapo, kisirudi friji. Kikipita saa nne, kitupwe. Muda huo hujumlishwa, na dakika za kwenye gari zimo. Kwa hiyo pilau iingie kwenye hotpoti ingali inafuka, hotpoti iwe imekwisha kusuuzwa kwa maji ya moto, na kachumbari isafiri peke yake kwenye chombo cha baridi. Maandazi na chapati havina shida hiyo, na kwa anayeanza ndivyo ningemshauri.

Halafu viambato. Karanga na ufuta ni hatari ya kweli kwa baadhi ya watoto. Mtoto mwenye mzio anaweza kukosa pumzi kwa kipande kidogo tu. Sheria ya Australia inataka vyakula vya pakiti vitaje karanga, jamii ya korosho na lozi, maziwa, mayai, ufuta, samaki, kamba na kaa, chaza, soya, ngano na lupini, ambayo ni mbegu ya jamii ya kunde. Chakula cha nyumbani hakibanwi na sheria hiyo, lakini kikaratasi chenye viambato kando ya bakuli kinatarajiwa, na kwenye shule nyingi karanga haziletwi kabisa. Mchuzi wa karanga au mboga iliyoungwa kwa karanga ibaki nyumbani, hata kama ndiyo sifa ya jiko lenu.

Neno la pili ni "tea". Ukiambiwa "come over for tea", katika nyumba nyingi hicho ni chakula cha jioni, na hukaribia kuliwa saa kumi na mbili. Ukila kwanza kwako ukaenda kunywa chai, utakuta umepakuliwa sahani kamili ya nyama na viazi. Kikombe cha chai chenyewe huitwa "cuppa". "Morning tea" ni mapumziko ya kazini mnamo saa nne asubuhi, yenye keki na biskuti, na huenda nako ukaambiwa ulete sahani. Mafundi wa ujenzi mapumziko hayo huyaita "smoko", uvute sigara usivute.

"BYO" ni herufi tatu zenye maana ya kuja na chako. Zikisimama peke yake ni kinywaji. Zikiandikwa "BYO meat", kila mtu huja na nyama yake, mwenyeji anatoa mkate, saladi na moto. Asiyekunywa pombe alete juisi au soda, hakuna atakayemsumbua. Ila akiomba "lemonade" asitarajie maji ya ndimu: kule hiyo ni soda nyeupe yenye gesi.

Hapa kwenye nyama pana tofauti ambayo wapenzi wa nyama choma wanapaswa kuijua. "Barbie" ya Australia mara nyingi ni bamba la chuma juu ya gesi au umeme, na chakula chake ni cha haraka: soseji, vipande vyembamba vya nyama, vitunguu. Paja la mbuzi linalotaka saa moja na nusu ya makaa halitaiva pale, litaungua nje na kubaki bichi mfupani, huku foleni ya wenye soseji ikikungoja. Ikate iwe mishkaki ya sentimita 2 au 3, uilaze na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tangu usiku, itaiva kwa dakika kumi na chache. Soseji zipikwe kwa moto wa wastani na zisitobolewe, maana zikitobolewa mafuta hutoka, nyama hukauka na bamba hufuka moshi. Huliwa ndani ya slesi moja ya mkate mweupe, pamoja na kitunguu kilichokaangwa na sosi ya nyanya. Muislamu aulize kama soseji ni halali na kama bamba limepikiwa nguruwe. Swali hilo limezoeleka na huulizwa bila aibu.

Bustani nyingi za umma zina majiko ya umeme ya bure. Unabonyeza kitufe, unasubiri bamba lipate moto, na baada ya muda linajizima lenyewe, hapo unabonyeza tena. Nenda na mafuta, koleo na kikwangulio. Ukimaliza, kwangua bamba lingali na joto na ulipanguse. Kuliacha na masizi ni utovu wa adabu unaokumbukwa. Usishike mabamba yote mawili ikiwa wengine wanangoja. Mkaa wako ni habari nyingine: bustani nyingi hazikubali, na siku ya "total fire ban", inayotangazwa wakati wa joto kali na upepo, moto wa mkaa au kuni nje ya nyumba ni kosa la kisheria, maana cheche moja inaweza kuteketeza msitu na vijiji. Na kuuwasha ndani ya fleti kwa ajili ya baridi ya Julai ni kujiua kwa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Sasa "shout", neno linalowaponza vijana zaidi. Wengi hulitafsiri kuwa ofa, na tafsiri hiyo ndiyo mtego. Ofa ya Dar es Salaam haina deni, aliyekutolea amependa. "Shout" ni zamu. Mmekaa wanne, wa kwanza anawanunulia wote, kisha wa pili, hadi wa nne. Anayekunywa raundi tatu za wenzake akaaga kabla ya zamu yake ameiba, kwa hukumu yao, na ataitwa bahili muda mrefu. Njia ya kutoka ipo mwanzoni tu: kabla raundi ya kwanza haijanunuliwa, sema unajinunulia mwenyewe, na hakuna atakayekulaumu. Hata kahawa ya kazini ni hivyo. Mwenzako akisema "my shout" leo, safari ijayo wewe ndiye wa kuitoa pochi, bila kukumbushwa.

Maneno ya muda yana gharama zake. "Arvo" ni alasiri. "Fortnight" ni wiki mbili, na mishahara mingi hulipwa hivyo. Kodi ya nyumba hutangazwa kwa wiki, na wageni wengi huzidisha kwa nne kupata ya mwezi. Mwaka una wiki 52, si 48. Nyumba ya dola 500 kwa wiki ni dola 26,000 kwa mwaka, yaani karibu 2,167 kwa mwezi. Aliyepanga 2,000 atapungukiwa kila mwezi asijue pesa zinakwenda wapi. Na kutoka Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili, Sydney, Melbourne, Adelaide, Hobart na Canberra husogeza saa mbele, ilhali Brisbane, Perth na Darwin hazisogezi. Anayewapigia wazazi Mombasa azingatie.

Salamu nazo. "How ya going?" haiulizi umepanda basi gani. Jibu ni "good, thanks, you?", nalo hutolewa mkipishana, bila kusimama. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, huona ni ubaridi. Si ubaridi, ndiyo salamu nzima. Muuza duka akikuuliza "you right?" hakushuku wizi, anauliza kama akusaidie. "Yeah, nah" ni hapana ya upole, kwa hiyo usiendelee kubembeleza. Mkuu wa kazi na profesa huitwa kwa jina la kwanza, jambo ambalo ulimi wetu hulipokea kwa shida, lakini wenyewe ndivyo wanavyotaka. Na "thongs" kule ni ndala, au patipati kama wasemavyo Kenya: kibao cha "no thongs" mlangoni kinahusu miguu yako, si nguo ya ndani.

Kwa mambo ya daktari, polisi au mwenye nyumba, mtu asibahatishe. Huduma ya ukalimani ya TIS National, namba 131 450, hufanya kazi saa 24, na Kiswahili kimo. Unatamka "Swahili" na kusubiri mkalimani aunganishwe. Wanaotoka Kongo, kama Kiswahili cha mkalimani kinawapa taabu, waseme mapema badala ya kuitikia ndiyo kwa kila swali. Dozi ya dawa haitaki kubahatisha.

Kwa mialiko, sentensi moja inatosha kumlinda mgeni, na kama una nafasi ya mstari mmoja tu, Mhariri, chapisha huu: "What can I bring?" Akijibiwa "a salad", hata ya viazi au makaroni inahesabika. Akijibiwa "just yourself", asipike, ila asifike mikono mitupu: maua, pakiti ya chokoleti au chupa ya juisi inatosha, na amkabidhi mwenyeji mlangoni.

Wako,
Msomaji,
Melbourne