Wapagazi wa Mahiwa nao wakumbukwe

Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba 15 hunijia akilini mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, yaliyodumu siku nne mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waafrika walikuwa pande zote mbili: askari wa Wajerumani huku, KAR (King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika) na Wanigeria wa Waingereza kule. Hao angalau wanatajwa vitabuni. Wapagazi je? Kichwani sanduku la risasi, miguu mitupu, tumbo la kuhara damu. Wengi waliuawa na maradhi wala si risasi, wakazikwa kandokando ya njia bila hata jina. Kariakoo imepata jina kwao, kutokana na “Carrier Corps”, yaani kikosi cha wapagazi, nasi tunapita pale kila siku bila kuwawazia. Inaniuma sana. Naomba siku hiyo gazeti lako liwatengee walau ukurasa mmoja.

Msomaji wako,
Dar es Salaam