Sketi pana za Paris

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Kadutu, Bukavu. Naomba ukurasa wenu wa utamaduni utuonyeshe michoro ya Honoré Daumier, mchora vibonzo Mfaransa wa karne ya 19. Sheria ya 1835 ilipobana vibonzo vya siasa Ufaransa, alizidi kuchora maisha ya watu wa Paris katika gazeti la Le Charivari, akichorea juu ya jiwe la kuchapia. Miaka ya 1850 aliwachora wanawake wa krinolini, sketi zilizotanuliwa kwa pete za chuma.

Mwezi wa nane nilishona gauni la harusi la namna hiyo. Bibi harusi alishindwa kuingia kwenye teksi, akalia. Nilichomoa waya mbili palepale barabarani. Wanawake wa Daumier nawafahamu, tena nawapenda.

Fundi wa Kadutu