Baba, Peugeot isikatwe

Lille, Ufaransa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na wote hapo Tandika nawasalimu. Huku hatujambo, baridi imeanza kulegea na gereji kazi zipo.

Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu nimeusikiliza kwanza nikiwa kazini, kisha usiku nilipotulia. Nimeelewa kwamba injini ya petroli ya Peugeot yako, ile 504 stesheni wagoni, imekufa kabisa, bloku ina ufa, na fundi wa Gerezani amewapatia injini ya dizeli ya Toyota Hiace, ile inayoitwa 3L (ni jina la injini, si lita tatu), kwa bei ya kuridhisha, pamoja na giaboksi yake. Anataka kuifunga palepale uani, chini ya mwarobaini.

Kwa dizeli nakuunga mkono, Baba. Gari linalobeba watu saba na magunia kwenda Lushoto halihitaji mbio, linahitaji injini inayovuta kwa mzunguko wa chini. Ninachoomba kwa heshima zote ni kwamba injini ya Hiace isiingie humo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujawapa ruhusa ya kuwasha gesi ya kukatia.

Tatizo haliko kwenye injini yenyewe. 3L ni injini nzuri, ina sentimita za ujazo 2779, na fundi ana haki kabisa anaposema spea zake ziko kila mahali. Ukipasua silinda hedi asubuhi, mchana umeshapata nyingine Kariakoo. Tatizo liko nyuma ya giaboksi. Mwambie mdogo wangu alale chini ya gari na tochi. Hataona propela shafti ya wazi, yaani mhimili wa kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kama ya Hiace. Ataona bomba nene la chuma limefungwa kwa boliti kwenye giaboksi huku, na kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, kule. Mhimili unazunguka ndani ya bomba hilo, na watu wengi hudhani bomba ni kinga ya vumbi tu. Sivyo. Unapokanyaga mafuta, ekseli ya nyuma hutaka kujipindua upande mmoja. Unapofunga breki, hutaka kujipindua upande wa pili. Kwenye Hilux, springi zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine ndizo zinazoishika. Peugeot 504 stesheni wagoni ina koili springi, zile za kujizungusha, nyuma, na koili hubeba uzito tu, haziwezi kuzuia ekseli isijipinde. Anayezuia ni lile bomba.

Sasa giaboksi ya Toyota haina mahali pa kulipokea. Kwa hiyo fundi atalikata, atatafuta propela shafti ya wazi, halafu atalazimika ama kuchomelea mikono mipya ya kushika ekseli ama kuleta ekseli nzima ya gari jingine na springi zake. Vyote hivyo vitachomelewa kwenye sakafu iliyokula hewa ya chumvi ya Dar miaka yote hii. Mchomo unaweza kuonekana mzuri na rangi ikapita juu yake, lakini bati la pembeni yake ndilo litakaloachia, na litaachia siku gari limejaa.

Njia nyingine ipo, ya kubaki na giaboksi ya Peugeot na kuchonga pleti ya kuiunganisha na 3L. Inawezekana kwa mtu wa mashine mwenye vipimo sahihi. Lakini pleti ikikaa pembeni hata kidogo, beringi ya shafti ya giaboksi inaliwa na klachi inatetemeka, na hakuna atakayejua sababu mpaka vishushwe vyote tena. Mimi nisingeanza kazi hiyo uani.

Kwa hiyo nimetafuta injini ambayo gari hili lilitengenezewa. Peugeot waliifunga 504 dizeli wenyewe kiwandani, hivyo mahali pa maunti, vile vishikizo vya injini, na nafasi ya rejeta vilishafikiriwa na waliolichora gari. Inaitwa XD2, ina sentimita za ujazo 2304 na nguvu farasi 70. Ukoo wake ni wa Indenor, kampuni iliyoanzia katika mji huuhuu ninaokaa mimi: kiwanda cha injini cha Lille kilianzishwa mwaka 1928 chini ya Peugeot. Iliyopo iko kwa mkulima mmoja nje ya mji, ndani ya 504 iliyooza mabati lakini injini ni nzima. Nilimwomba asiiwashe kabla sijafika. Nikaishika bloku ikiwa ya baridi, ikapashwa na hita plagi, ikawaka kwa mkupuo mmoja na moshi ukakatika upesi. Ananiuzia pamoja na giaboksi yake, krosmemba (chuma cha kukalia injini), maunti na springi za mbele. Springi usizidharau, Baba. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ile iliyotoka, na ukiacha springi za petroli pua ya gari italala na matairi ya mbele yatalika ndani.

Najua swali lako: pampu ya kusukuma dizeli ikifa, spea zitatoka wapi? Swali hilo nimelifikiria kuliko yote. Pampu ya injini hii ni Roto-Diesel, ukoo mmoja na pampu za CAV za matrekta ya Massey Ferguson. Fundi pampu aliyewahi kufungua ya trekta hatashangaa akiiona hii. Pamoja na injini nitaweka kwenye kreti gasketi seti nzima, nozeli nne, wota pampu, klachi, filta za kutosha na pampu ya pili ya kufungulia spea. Haya ni mambo ninayoweza kuyapata hapa kwa urahisi kuliko mtu yeyote wa nyumbani, na ndiyo faida ya kuwa na mtoto huku.

Sasa breki. Hapa naomba mdogo wangu asome mwenyewe, arudie mara mbili.

Injini ya petroli ina klapa kwenye kabureta. Ukiachia mafuta klapa inafunga, injini inavuta hewa isiyopatikana, na mvuto huo ndio unaoipa nguvu busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma pedali. Dizeli haina klapa ya namna hiyo. Inavuta hewa wazi muda wote, kwa hiyo ukichomeka bomba la busta kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa, utapata karibu na bure. Gari litatembea vizuri, litapita Kilwa Road vizuri, na ndani ya foleni ya polepole hakuna atakayegundua. Mtagundua mnateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona juu ya kona, korongo upande mmoja, pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Tena dizeli bila klapa haizuii gari kwa gia kama petroli ilivyokuwa ikizuia, hivyo mguu utaitegemea breki zaidi.

Dawa yake ni pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, inayoendeshwa na injini. Hii ninayoituma inayo, lakini lazima ifungwe na kupimwa kabla gari halijatoka getini. Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, gari halitoki, hata kama fundi amekasirika, hata kama wageni wa harusi wanasubiri. Bomba la busta liwe jipya, lile gumu lisilojikunja likinyonywa, na vali ya njia moja iwepo.

Mengine nitayapitia haraka. Tangi lishushwe, lioshwe, likauke. Petroli iliyobaki huosha ulainisho ndani ya pampu. Lazima kuwe na bomba la kurudisha mafuta tangini, maana pampu huvuta mengi kuliko yanayochomwa. Betri iwe kubwa, na nyaya za stata ziwe nene, kwa sababu mgandamizo wa dizeli ni zaidi ya mara mbili ya ule wa petroli. Wekeni filta yenye kikombe cha kutega maji na kimwagwe mara kwa mara. Mafuta nunueni kituo kimoja mnachokiamini: dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haina ulainisho, na pampu hii hujilainisha kwa dizeli hiyohiyo. Na kunyanyulia injini msifunge cheni bloku kwenye tawi la mwarobaini. Chomeleeni miguu mitatu ya mabomba mazito. Tawi halitoi taarifa kabla ya kuvunjika, na mdogo wangu atakuwa chini yake.

Namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA, na aina ya mafuta pia, ili trafiki asije akakuweka juani Chalinze.

Kuhusu faida, sitaki kukuahidi makubwa. Ukitazama bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutoa kila mwezi, usitegemee kwamba dizeli itakuwa rahisi kuliko petroli. Nafuu itatoka kwenye kilomita unazopata kwa lita, nayo utaiona katika daftari lako la mafuta, ambalo naomba uendelee kuliandika vilevile ili tulinganishe. Mlimani gari litakuwa zito kuliko zamani, hasa likibeba safu zote tatu. Hilo tukubali tangu sasa.

Wewe ndiye uliyenihadithia Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapo Tanzania, alivyoshinda Safari Rally 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na ukasema ndiyo sababu ulinunua Peugeot na si gari jingine. Ulisema sifa ya magari haya iko chini, kwenye miguu. Mimi nimeshika spana miaka mingi sasa na bado naona ulisema kweli. Ndiyo maana nakusihi tusiikate miguu hiyo kwa ajili ya injini iliyopatikana kwa urahisi.

Injini na nafasi kwenye kontena nalipa mimi, na ushuru wa bandarini nitatuma nikishajua kiasi. Fundi wa Gerezani asiondolewe kazini. Mlipe muda alioupoteza, na umwambie kazi bado ni yake, tena nyepesi kuliko aliyopanga. Kama tayari mmetoa malipo ya awali kwa ile 3L, mdogo wangu aniambie ni kiasi gani, nitakirudisha.

Ninachohitaji kutoka kwenu ni picha ya kibati cha namba ya chasisi, picha ya pale bomba linapoungana na giaboksi, na kipimo cha rejeta kwa sentimita, urefu na upana. Mwenye kontena anafunga mzigo mwisho wa mwezi, kwa hiyo naomba jibu lako wiki hii. Ukisema hapana nitaheshimu, ila nipigie kwanza tuongee.

Mama mwambie dawa zake za presha zimo kwenye kreti hiyohiyo, juu kabisa, ndani ya kopo la bluu. Shangazi wa Lushoto nitampigia Jumapili.

Mwanao akupendaye.