Moshi wa Mpeketoni haufiki Amu

Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Lamu anayesimamia mazingira

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Mpeketoni. Mimi ni mchuuzi wa simsim na korosho. Mara mbili kwa wiki hupanda gari la alfajiri hadi Mokowe, kisha boti mpaka Amu, mji wa kisiwani Lamu. Mwezi wa pili na wa tatu safari hiyo huanzia ndani ya moshi. Hauko juu angani. Umelala usawa wa kiuno, taa za gari zikiupiga unamrudishia dereva mwanga machoni, na abiria kila mmoja ana ncha ya leso puani. Tukifika Mokowe, nikishuka gatini, kifua kinafunguka chenyewe. Asubuhi moja, kaunti moja, hewa mbili. Nakuandikia wewe kwa sababu ofisi iko upande wa hewa nzuri (utani huo, Mheshimiwa, usininunie).

Amu imezungukwa na maji, upepo hauikosi. Huku kwetu bara, miti na mashamba yameshauvunja nguvu kabla haujatufikia. Usiku wa kaskazi mbingu haina wingu, ardhi inapoa upesi, na hewa iliyoigusa inapoa nayo na kuwa nzito. Ya juu yake inabaki na joto, kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa moto uliowashwa jioni hauna pa kutokea mpaka jua lipande, saa tatu au saa nne.

Na msimu huo ndio wa kusafisha mashamba kungojea masika. Kaskazi inalegea, kusi haijaingia, na kila mtu ana lundo lake la mabua. Mbona tunawasha jioni? Si ujinga. Mchana upepo wa bahari ukipanda, cheche moja inaruka hadi kwenye mikorosho ya jirani na kesi inakwenda kwa chifu. Jioni upepo umetulia, moto unatii. Utulivu ule ule unaomfaa mwenye shamba ndio unaoubana moshi.

Nalijua hili kwa sababu nami nimelifanya. Mwaka jana niliwasha mabua yangu saa moja usiku. Hayakuwa yamekauka vizuri, yakatoa moshi kuliko ndimi. Usiku wa manane nikamsikia mtoto wa jirani akikohoa, ukuta mmoja tu kati yetu. Asubuhi mama yake akaja na kanzu nyeupe ya mumewe iliyolala kambani, akaikung'uta barazani kwangu, jivu likamwagika. Hakusema neno, akaondoka.

Masika mambo hugeuka. Mvua inaosha vumbi la barabara na hewa ya nje inakuwa safi, lakini kuni zimelowa, mlango wa jiko umefungwa kuzuia mvua, na mama anapuliza moto na mtoto mgongoni. Kusi ikikaza, mwezi wa sita hivi, tunapata nafuu. Kwa hiyo amri moja ya mwaka mzima haitatufaa.

Mwaka 2019 baraza la rufaa la mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, Lamu nzima ilikuwa ikizungumza habari ya hewa. Moshi wetu wenyewe haukuhitaji leseni, basi haukujadiliwa. Lakini Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kwa hiyo hata jivu la kanzu ile ni lako.

Sikuombi upige marufuku moto. Mashina ya pamba lazima yachomwe, la sivyo wadudu wanangoja msimu ujao. Mabua ya mahindi si lazima. Yakilazwa kati ya mistari yanatunza unyevu, na maafisa wa kilimo wanaweza kutuonyesha shambani, si kwenye karatasi. Yanayochomwa yachomwe yakiwa makavu, mafungu madogo, saa nne asubuhi: kifuniko kimeshafunguka na upepo wa bahari haujapata nguvu. Tangazo lipite misikitini, makanisani na kwenye baraza za machifu kabla ya Februari. Na kipima hewa kiwekwe Mpeketoni mjini, kisomwe alfajiri. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linasema chembe ndogo sana za moshi na vumbi hewani zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Kipimo cha Amu hakiwezi kutuambia sisi tumelala kwenye ngapi.

Kaskazi ikianza kulegea, karibu ulale huku usiku mmoja. Gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nauli mpaka Mokowe ni juu yangu.

Wako,
Mchuuzi wa simsim, Mpeketoni