Mhariri, skuta sio pikipiki ya kike

Ndugu Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Mi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, maeneo ya Majengo, nashona suti, mashati na sare za maofisini, huu mwaka wa 16 sasa. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo linaloniumiza kila siku, nalo ni haya maneno ya watu kwamba skuta ni usafiri wa kike na mwanaume akiipanda hapendezi.

Skuta yangu ina mwaka wa pili huu. Niliichukua kwa mtu, ilikuwa imetumika ila injini nzima, cc 125, rangi ya kijivu, nikatoa 1,600,000. Toka siku ya kwanza nimekuja nayo kazini maneno hayajaisha. Vijana wa bodaboda pale kona wananiita dada, wateja wananiuliza leo umeazima ya shemeji, na mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniita pembeni kabisa akaniambia mwanangu hiyo uza, tafuta pikipiki ya Boxer, we ni baba wa watu. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inakula mafuta kiasi gani, breki zake zikoje, inapitaje kwenye mchanga wa kule Nkuhungu. Wanaangalia umbo tu. Haina tenki la kubana na mapaja, hurushi mguu kupanda, unakaa kama uko kwenye kiti cha mezani, basi imeisha hiyo, ni ya kike.

Sasa kwenye hili la ya kike na ya kiume naomba nisikilizwe maana ndo kazi inayonilisha. Kwenye nguo tofauti ziko za aina mbili. Kuna tofauti inayotoka mwilini, mwanamke ana kifua na nyonga, mwanaume ana mabega, huwezi kukata kitambaa sawasawa ukategemea kikae, ukilazimisha mteja atakurudishia na ana haki. Alafu kuna tofauti ya mazoea tu. Shati la kiume vifungo vinakaa upande wa kulia wa mvaaji, blauzi ya kike vinakaa kushoto, ndo tulivyofundishwa na ndo tunavyoshona, lakini hakuna kitu chochote kwenye kifua cha mwanaume kinachotaka vifungo viwe kulia, ukivihamisha shati linafunga vilevile na joto linakupa lilelile. Kwahiyo mi nikiletewa kitu nikaambiwa hiki cha kike swali langu la kwanza ni kwamba, hii ni nyonga au ni kifungo?

Nimeizungukia ile skuta yangu kwa swali hilo. Siti iko chini, hiyo inamsaidia mtu mfupi kukanyaga chini akisimama kwenye foleni, na wafupi tupo wa kila aina. Klachi haina, mkono wa kulia ni moto, yaani pa kuongezea mwendo, breki zote mbili ziko mikononi, hiyo inamsaidia yeyote ambaye hataki kukanyaga gia kutwa nzima. Pale mbele pako wazi na pana sakafu bapa, kweli mwenye gauni anapita vizuri, ila hata mimi naweka begi la suti mbili katikati ya miguu na nyingine naitundika kwenye ile ndoano chini ya usukani, inafika Mtumba kwenye Mji wa Serikali haijakunjwa. Cheni iliyo wazi haipo kwahiyo hakuna grisi kwenye pindo la suruali. Lile bati la mbele linakinga miguu vumbi na tope, na wanaoijua Dodoma mwezi wa nane upepo unavyopuliza, au Januari mvua ikishanyesha barabara za ndani zinavyokuwa, wanajua kiatu cha ofisini kinavyoteseka juu ya pikipiki ya kawaida. Bomba la moshi nalo limejificha, miguu yangu haina yale makovu ya kuungua ambayo nusu ya vijana wa mji huu wanayo kwenye mashavu ya miguu. Nyonga sijaiona hapo. Vyote ni vifungo.

Na aliyelitoa hilo umbo hakuwa anawaza wanawake peke yao. Vespa, ile ambayo wazee wetu waliizoea mpaka kila skuta wakaiita vespa, ilitoka Italia mwaka 1946 kwenye kiwanda cha Piaggio pale Pontedera, kiwanda kilichokuwa kinatengeneza ndege kabla hakijapigwa mabomu kwenye vita. Mchoraji wake Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki alikuwa hazipendi, anaona zinachafua nguo, zinasumbua kupanda na tairi lake likipata pancha ni mateso. Ndo akafunika injini akaiweka nyuma, gia akazileta mkononi, bati la kukinga miguu akaweka mbele, na tairi la mbele akalishikiza upande mmoja kama mguu wa ndege ili livuliwe upesi. Ukisoma hayo unaona alikuwa anamwaza mtu anayekwenda kazini na nguo zake safi baada ya vita, nchi imechoka na magari hakuna. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Sijui nani anaona nyigu ni kadude ka kike.

Miaka ya 1960 vijana wa kiume wa Uingereza waliokuwa wanaitwa mods, watu wa suti za kubana zilizoshonwa kwa vipimo vyao wenyewe, usafiri wao ulikuwa skuta za Vespa na Lambretta na wanavaa makoti makubwa ya parka kwa juu ili suti isichafuke. Mi hao nimewapenda bila kuwaona, ni wateja wangu kabisa! Na Wajapani, Honda walitoa Super Cub mwaka 1958, imekaa wazi katikati vilevile, haina klachi ya mkono, dereva anaweza kushika chakula cha mteja kwa mkono wa kushoto akaendelea kuendesha, na zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Huwezi kuniambia milioni 100 zote zile zimepandwa na akina dada.

Lakini hata tusiende mbali, tuvuke tu maji hapa. Nenda Unguja Ijumaa mchana usimame karibu na msikiti wowote uone wazee na masharifu wanavyokuja na vespa zao, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, wanashuka pole pole na kanzu haina hata doa. Nilikaa kule miezi minne nikijifunza kushona kanzu na hakuna siku nilisikia mtu anacheka. Kanzu ni vazi la kiume na skuta ndo inayoibeba vizuri kuliko chombo kingine chochote cha matairi mawili, we jaribu kupanda Boxer na kanzu utaniambia.

Na sisi Wagogo wenyewe hili la nani anatakiwa apanue miguu na nani abane tusilishike kama amri. Muheme kwetu ni ngoma ya akina mama, wanasimama wameibana katikati ya mapaja wanaipiga mpaka ardhi inaitika, na hakuna mtu Ugogo aliyewahi kusema bibi yake amekuwa mwanaume. Mtu kutoka pengine angeona ajabu. Kwetu ndo heshima yenyewe.

Ngoja niseme kilichonifanya niandike maana mwezi mzima nimekuwa nakibeba. Mama yetu anaishi na sisi Nkuhungu, ana presha, anakunywa dawa kila siku. Jumamosi moja jioni dawa zikawa zimeisha, na mi siku hiyo nilikuwa nimeungua na pasi ya mkaa mkono wa kulia, umefungwa bandeji, siwezi hata kukunja vidole kushika moto wa skuta. Nikamwambia mdogo wangu, ana miaka 23, leseni anayo na kuendesha anajua vizuri tu, chukua skuta nenda mjini kabla duka la dawa halijafunga. Akasema anaita boda. Nikamwambia boda ya nini na chombo hiki hapa kina mafuta, akanyamaza, akasema tena anaita boda. Mvua ilikuwa imenyesha, boda haziji, kila anayempigia yuko mbali, tukakaa hivohivo karibu saa nzima. Alipokuja kupata boda na kufika mjini duka limefungwa. Akarudi mikono mitupu. Usiku ule mama hakulala, kizunguzungu, kichwa kinagonga, mke wangu amekaa naye kitandani anampepea, na mi nimesimama mlangoni na mkono wangu wa bandeji nikiangalia skuta ipo pale ukumbini na funguo yake inaning'inia. Dawa zilipatikana asubuhi, Mungu saidia akakaa sawa.

Nilimuuliza mdogo wangu kesho yake kwa upole kabisa, maana si mtoto mbaya na mama anampenda. Akaniambia kaka, ningepita pale kijiweni na ile, nisingekaa tena pale. Alikuwa anamaanisha. Analia. Hapo ndo nikajua haya si matani ya kunitania mimi mtu mzima niliyeyazoea, hiki kitu kimeshaingia ndani ya vijana mpaka kinashindana na presha ya mama.

Sasa nisieleweke kwamba naipigia debe, kuna wanaume skuta haiwafai na nawaambia ukweli hata wakija dukani. Mtu wa futi 6 na kitu akikaa kwenye zile ndogo magoti yanagonga usukani kila akikata kona, mgongo unapinda, anaonekana kama kavaa koti la mdogo wake mikono imeishia kwenye kiwiko. Huyo hapendezi kweli, ila kilichomharibia ni vipimo. Mwanamke wa urefu huohuo naye hatapendeza. Kupendeza kwenye nguo ni kuenea, na kwenye chombo vilevile, kaa juu yake, weka nyayo zote mbili kwenye sakafu, kata usukani wote kulia alafu kushoto, kama magoti yako huru na mabega yamelegea hiyo imekukaa, kama hayako huru tafuta yenye umbo kubwa zaidi, zipo. Rangi nayo sigombani na mtu, wenye duka wanazipaka pinki na maua wanazipanga mbele kabisa, mwanaume anapita anadhani zote ndo hivyo. Omba uoneshwe nyeusi, kijivu, bluu ya kiza. Suti yenyewe hakuna anayeivaa kabla hajachagua kitambaa.

Na barabara. Hii ndo sababu ya maana ya kuikataa skuta kwa hapa kwetu na ajabu ndo sababu ambayo siisikii. Tairi zake ni ndogo, nyingi inchi 10 au 12 wakati pikipiki zetu zinatembea na 17 au 18, kwahiyo shimo ambalo Boxer inalipita wewe unaingia nalo, na kwenye mchanga mzito wa makorongo tairi la mbele linahama usipokuwa makini. Kwa chini iko karibu na ardhi, tuta la kienyeji linakwangua tumbo. Njia ya kwenda Mtumba ni pana na lami nzuri ila ni wazi, upepo wa mbele unakupiga, na semi treila likikupita chombo chepesi kinayumba, inabidi ukae kushoto na mwendo wako. Vumbi letu nalo linaziba filta ya hewa, mi naifungua kila wiki mbili kuipiga upepo. Anayekaa Hombolo au anabeba magunia ya zabibu achukue pikipiki, simlaumu hata kidogo, huyo amepima. Ila wewe unayetoka Area C kwenda ofisini Makole, au Ipagala kwenda Sabasaba, lami mlango kwa mlango, unabeba laptopu na mkate, hebu niambie unaikataa kwa kipimo gani.

Kwahiyo Mhariri ombi langu liko kwa wauzaji wa pikipiki hapa mjini, acheni kumwambia mteja wa kiume hii ya mama hii yako, mpeni akae, mpeni azunguke nayo dakika tano. Na liko kwa baba zetu, kama yule mzee aliyeniita pembeni. Nampenda na najua alinisemea mema. Lakini neno la mzee kijana analibeba kuliko la kijiweni, na likishatoka kwenye mdomo wake hakuna wa kulifuta.

Mdogo wangu siku hizi anaiomba skuta. Anaichukua saa mbili usiku giza likishaingia, anazunguka nayo mpaka Chang'ombe, anarudi anaifuta vizuri na kitambaa anaiegesha palepale ukumbini. Mchana hajaigusa bado. Simsukumi, ila kila akitoka nasimama getini mpaka ile taa ya nyuma ipotee, na nasikia uchungu kwamba mtoto wa nyumba hii anasubiri giza ili apande chombo cha halali tulichokinunua kwa jasho.

Ni mimi fundi cherehani,
Majengo, Dodoma.