Barua ya wazi kwa wazazi mnaowapeleka watoto kwenye usaili wa filamu huku Marekani

Wanangu wa New York, New Jersey na popote mlipo,

Najua tungekutana mngeniamkia, kwa hiyo naanza na marahaba.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nachambua maharage na mama mmoja wa mtaani kwetu. Akasogeza sinia, akaniwekea mbele mkataba wa binti yake wa miaka 6. Kuna meneja kampenda mtoto, anataka kumtembeza kwenye matangazo na televisheni. Mama mtu alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. Mimi nikakwama kwenye mstari mmoja: meneja atamchagulia mtoto jina la kazi, lisilowapa watu tabu kulitamka. Nikamkumbuka Anna, mwigizaji ambaye dunia ilimjua kwa jina la Patty Duke.

Anna Marie Duke alizaliwa New York mwaka 1946. Baba alikuwa dereva wa teksi aliyezama kwenye pombe, mama alikuwa keshia aliyesumbuliwa na sonona. Nyumba ilikuwa haina kitu. Wakatokea mameneja wawili, mume na mke, John na Ethel Ross, wakamchukua mtoto. Kwanza kazi, baadaye hata kulala akawa analala kwao. Alisimulia mwenyewe ukubwani kwamba walimwambia Anna Marie amekufa, sasa wewe ni Patty. Mtoto mdogo anaambiwa amekufa, naye anaitikia.

Tusiwasingizie, kazi waliijua. Walipotaka apate nafasi ya Helen Keller, yule aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, walimfanyisha mazoezi nyumbani miezi na miezi, anafumba macho na kupapasa samani. Mwaka 1959 akapanda jukwaa la Broadway katika mchezo wa The Miracle Worker, Anne Bancroft akiigiza mwalimu wa Helen. Pana sehemu pale mezani, wakati wa chakula: mwalimu anataka mtoto ale kwa kijiko, mtoto hataki. Vijiko vinaruka, viti vinaanguka, wanakamatana, wanazabana makofi. Ilibidi wavae pedi ndani ya nguo wasiumie. Basi fanya hivyo leo, kesho, keshokutwa, zaidi ya mwaka mzima, na wewe una miaka 12 au 13.

Filamu yake ikatoka 1962. Aprili 1963, akiwa na miaka 16, akapewa Oscar. Hadi siku ile hapakuwa na mtu mwenye umri mdogo kuliko yeye aliyewahi kuishinda katika mashindano. Na mama yake mzazi usiku ule? Hakupelekwa. Anna anasema Ethel alikwenda na kijibwa chake ndani ya mkoba.

Hapo ndipo huwa naifunga ile habari, nanyamaza kidogo.

Mwaka huohuo wakamwanzishia kipindi chake cha televisheni, akiigiza mabinamu wawili wanaofanana kama mapacha. Kilipigwa New York, kwa sababu sheria za huko hazikubana saa za kazi za mtoto kama za California. Alipotimiza miaka 18 akaziulizia fedha zake, akakuta nyingi zimeshaliwa.

Ya fedha siku hizi yana dawa, wala msibembeleze mtu. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza filamu na mchekeshaji Charlie Chaplin mwaka 1921, aliwashtaki mama yake na baba wa kambo kwa kula jasho lake, na California ikatunga sheria mwaka 1939. Leo California na New York zinataka asilimia 15 ya pato la mtoto iwekwe kwenye akaunti ya amana isiyoguswa mpaka awe mtu mzima. Ifungueni kabla ya siku ya kwanza ya kazi, namba muwe nayo ninyi. Na ninyi mnaowarekodi watoto jikoni mkaweka mtandaoni na kulipwa, msijione mko pembeni: sheria ya Illinois tangu Julai 2024 inawahesabu na watoto hao, na California imefuata.

Lakini sheria ya kumrudisha mama kwenye kiti chake sijaiona. Kwenye seti kaa mahali unapomwona mtoto au kumsikia. Ukiambiwa kaa nyumbani, sisi tutamleta, chukua mkoba wako na mwanao mwondoke. Na yeyote anayekwambia mtoto analia kwa sababu wewe upo, huyo mtazame mara mbili.

Anna alihangaika miaka mingi na maradhi yanayompandisha mtu na kumporomosha, mpaka madaktari walipoyapa jina mwaka 1982: bipola. Akapata dawa, akasimama. Wenzake wakamchagua kuongoza chama cha waigizaji wa filamu, 1985 hadi 1988, mwanamke wa pili kukishika kwa kura. Mwaka 1987 akatoa kitabu cha maisha yake, na juu yake aliandika: Niiteni Anna. Alifariki Idaho mwaka 2016, akiwa na miaka 69.

Mkataba wa yule binti ninao hapa. Mama yake anakuja kuuchukua Jumamosi. Ule mstari wa jina nimeukata kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika jina la bibi yake, alilopewa siku alipozaliwa, herufi kwa herufi, meneja ajifunze kulitamka.

Mama yenu,
New Jersey